Mazda RX-8 Lililotumika: Uhakiki wa Gari la Rotari kwa Mnunuzi wa Nairobi

Anayepitia matangazo ya magari yaliyotumika jijini Nairobi hukutana mara kwa mara na Mazda RX-8 linalouzwa kwa bei ya gari dogo la kwendea kazini. Ni gari la spoti lenye milango minne, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na injini yake ya rotari, yaani isiyo na pistoni, katika toleo la juu huzunguka hadi mara 9,000 kwa dakika bila kutetemeka. Ndiyo maana mtu ana haki ya kujiuliza kwa nini mwenyewe ameliachilia kwa bei hiyo. Jibu limo chini ya boneti, nalo halionekani kwa macho wala halisikiki katika mzunguko mfupi wa kulijaribu barabarani.

Ninalolihakiki hapa ni la mwaka 2005, Type S, yaani lile toleo la juu, lenye gea sita za mkono, lililotumika kwanza Japani na kuingia nchini kupitia bandari ya Mombasa kama mengi tunayoyaona hapa. Mazda ilitengeneza RX-8 kuanzia 2003 hadi 2012, zaidi ya 190,000 kwa jumla, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, mlango wa kuagiza jingine umekwisha kufungwa. Tanzania mlango ungali wazi, ingawa ushuru wa ziada unaotozwa magari yenye umri mkubwa hula sehemu kubwa ya nafuu ya bei. Kwa hiyo mnunuzi wa Kenya anachagua miongoni mwa magari ambayo tayari yamepita katika gereji zetu, na si haba yaliyopita kwa mafundi hodari wa Toyota ambao hawakuwahi kufungua rotari hata siku moja.

Udanganyifu wa kwanza umo katika karatasi za usajili. Karatasi husema cc 1,308, na mtu aliyezoea kukisia ulaji wa petroli kwa namba hiyo huamini kwamba amepata gari la nguvu za farasi 250 lenye njaa ya Vitz. Namba ni ya kweli, ila hesabu yake hailingani na ya pistoni: ni rota mbili, vipande vinavyozunguka mahali pa pistoni, za cc 654 kila moja, na kila rota huwasha mchanganyiko mara moja katika kila mzunguko wa shafti, ilhali silinda ya kawaida huwasha mara moja katika mizunguko miwili. Japani yenyewe, inapotoza kodi ya mwaka ya magari, huzidisha ujazo wa rotari kwa 1.5, na hivyo RX-8 huhesabiwa karibu na cc 2,000. Makadirio rasmi ya Marekani kwa gari la gea za mkono, yakigeuzwa kwa vipimo vyetu, ni kama kilomita 6.8 kwa lita mjini na 9.4 katika barabara kuu. Nimeziona namba hizo kuwa za haki, isipokuwa katika foleni ya jioni ambapo hakuna makadirio yanayosimama. Asiyeweza kuzikubali kabla ya kununua asiendelee kusoma matangazo.

Ili kulitunza gari hili ni lazima kuelewa kinachotendeka ndani yake. Injini ya aina hii ni ubunifu wa Mjerumani Felix Wankel, na ya kwanza iliwashwa katika kampuni ya NSU mwaka 1957. Mazda ilipata leseni mwaka 1961, kisha wahandisi wake, wakiongozwa na Kenichi Yamamoto, wakahangaika miaka kadhaa na mikwaruzo iliyotokea kwenye ukuta wa chumba cha rota, ambayo wenyewe waliiita kucha za shetani, kabla ya kuuza gari lao la kwanza la rotari, Cosmo Sport, mwaka 1967. Naitaja historia hiyo kwa sababu mahali palipowasumbua wahandisi wale, yaani pale sili inapokutana na ukuta, ndipo injini zinapofia hata leo.

Rota ni pembetatu ya chuma yenye pande zilizovimba, mithili ya sambusa iliyojazwa nyama ikashiba. Huzunguka ndani ya chumba chenye umbo la duaradufu iliyobonyea kiunoni, na kadiri inavyozunguka, kila upande wake hufyonza hewa na petroli, huukandamiza mchanganyiko huo, hupokea msukumo wa mlipuko, kisha hutoa moshi; pande zote tatu huwa kazini kwa wakati mmoja, kila moja katika hatua yake. Hakuna vali kama za injini ya pistoni, hakuna kamshafti, hakuna mkanda wa taimingi, wala hakuna gasketi ya silinda hedi ya kuungua. Kwenye kila ncha ya rota kuna sili, utepe mwembamba wa chuma unaosukumwa na springi ili uguse ukuta wakati wote, na sili nyingine zimepangwa ubavuni. Kompresheni yote ya injini, yaani nguvu ya kuukandamiza mchanganyiko, inategemea sili hizo, na sili zenyewe zinategemea oili, hata Mazda ikaweka pampu ndogo inayochota oili ya injini kwa makusudi na kuipeleka ndani ya chumba ili iungue pamoja na petroli.

Hapo ndipo ugomvi na mafundi unapoanza. Kwa fundi wa pistoni, gari linalokula oili ni gonjwa, na dawa yake ni oili nzito au kushusha injini. RX-8 limeumbwa kula oili, na lile ambalo oili kwenye kijiti chake cha kupimia haishuki kabisa ndilo la kutiliwa shaka, maana huenda pampu imekufa au mirija yake imeziba na sili zinasagika kavu. Mimi hukagua kijiti kila mara ya pili ninapojaza tangi, na chupa ya lita moja haitoki katika buti. Oili yenyewe hubadilishwa kila kilomita 5,000, kazi ambayo kwa gari hili ni nyepesi kwa kuwa filta imekaa juu, mbele ya macho ya fundi. Mazda ilipendekeza oili nyepesi, 5W-20 kwa Marekani na 5W-30 kwingineko. Wamiliki wa nchi za joto hubishana bila kuchoka kuhusu kupanda hadi 10W-40, na sijaona hoja ya kumaliza ubishi huo. Lisilo na ubishi mkubwa ni desturi ya kuchanganya kiasi kidogo cha oili ya injini za mipigo miwili moja kwa moja katika petroli, kama mililita 4 au 5 kwa kila lita, ili sili zipate ulainisho wa ziada. Katika toleo lililoboreshwa la 2008 Mazda iliongeza tundu la tatu la oili katika kila chumba, na kwangu huko ni kukiri kwa vitendo kwamba matundu mawili ya awali hayakutosha.

Tabia ya pili inayoua RX-8 hapa kwetu haina uhusiano na gereji. Katika ploti nyingi za Nairobi magari huegeshwa kwa kuzibana, na kila asubuhi mtu huwasha gari lake, hulisogeza mita tano ili jirani atoke, kisha hulizima. Kijana wa kuosha magari naye hufanya vivyo hivyo. Kwa Corolla jambo hilo si kitu. Rotari ikiwa baridi hupewa petroli nyingi, na ikizimwa kabla haijapata joto, petroli hiyo hubaki chumbani, husafisha utando wa oili ukutani na kulowesha plagi. Kompresheni hushuka na injini hukataa kuwaka. Mwenye gari asiyelijua hilo huendelea kusukuma starta hadi betri inakufa, kisha huitwa fundi, kisha linatajwa neno injini, na hapo ndipo gari huingia katika matangazo ya bei nafuu.

Dawa yake imo katika gari lenyewe: kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho, uishikilie hapo, kisha sukuma starta. Kompyuta hukata petroli na hewa hukausha chumba. Baada ya sekunde kadhaa achia pedali na ujaribu kuwasha kwa kawaida. Kazi hii inataka betri yenye nguvu na starta isiyochoka, na Mazda baadaye ilileta starta ya kasi zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Kinga ni bora zaidi. Gari likiwashwa liachwe lipate joto, au kama ni lazima lizimwe mapema, lipandishwe hadi mizunguko 3,000 kwa sekunde kumi hivi kabla ya kuzima. Kwa yule kijana wa kuosha magari, njia rahisi ni kumnyima ufunguo.

Kuna mnyororo mwingine wa uharibifu ambao huanza na kitu cha bei ndogo. Injini ina plagi nne na koili nne za kuzipa umeme, kwa kuwa chumba cha kuwakia ni kirefu na chembamba na mwali mmoja haukitoshi. Kila rota ina plagi ya chini, inayoitwa leading, na ya juu, trailing, na hizo si za aina moja. Za NGK ni RE7C-L na RE9B-T, na haziruhusiwi kubadilishana nafasi. Nimeona gari lililofungwa plagi nne za namna moja na fundi aliyejiamini sana. Koili huchoka baada ya kilomita 50,000 au chini yake, na hazifi kwa kishindo: gari huanza kusita kidogo likipandishwa, petroli huongezeka kuliwa, na mwenyewe huzoea. Wakati huo petroli isiyoungua inaingia katika katalisti, kisafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi, inawakia humo, masega yake yanayeyuka na kuziba njia ya moshi, na joto lisilopata pa kutokea hurudi kwenye injini. Kwa hiyo koili ningezibadilisha zote nne siku ya kununua gari, pamoja na plagi na waya, bila kungoja dalili, na plagi ningezinunua kwa muuzaji ninayemwamini, maana bandia zimejaa sokoni.

Kuhusu joto, RX-8 halina msamaha. Injini imepangwa kwa matabaka ya chuma na alumini yaliyobanwa pamoja kwa bolti ndefu, na kati yake kuna sili za maji. Ikichemka mara moja vya kutosha, alumini hupinda au sili huungua, na maji huanza kuingia chumbani. Hatari inaongezwa na geji ya kwenye dashibodi, ambayo mshale wake hutulia katikati kwa muda mrefu huku joto likipanda, na unapotikisika mambo yamekwisha kuharibika. Nimechomeka kifaa kidogo katika soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, nacho hunionyesha joto halisi kwenye simu. Nikiona linakaribia nyuzi 105 napunguza mwendo. Yeyote anayepanda kutoka Magadi kurudi Kiserian mchana ataelewa thamani ya kifaa hicho. Type S ina vipozea oili viwili, kimoja kila upande nyuma ya bampa la mbele, na vumbi la barabara za murramu hujaa ndani yake hadi hewa isipite, kwa hiyo vioshwe. Desturi yetu ya kung'oa thamosta ili gari lisichemke iachwe kabisa hapa, kwani injini isiyofikia joto lake hubaki ikimwagiwa petroli kama iliyo baridi, na madhara ya hilo nimekwisha kuyaeleza. Maji ya bomba pia yasitumiwe mahali pa kulanti, ile dawa ya kupozea injini, maana kutu hula mifereji ya zile sili za maji.

Sasa jambo lenyewe la kununua. Kipimo kinachoamua thamani ya RX-8 ni kompresheni, na kipimo hicho hakiwezi kuchukuliwa ipasavyo kwa geji ya kawaida ya gereji. Geji ya pistoni huhifadhi msukumo mkubwa kuliko yote, hivyo rota yenye upande mmoja mzima na pande mbili zilizokufa itasomeka kama nzima. Kinachotakiwa ni kipimo cha rotari kinachotoa namba tatu kwa kila rota, sita kwa jumla, pamoja na kasi ya starta wakati wa kupima. Mazda inataja kilopaskali 830 kwa injini mpya starta ikizunguka mara 250 kwa dakika, na 680 kama kiwango cha chini kabisa. Tofauti kati ya pande za rota moja isizidi 150, na kati ya rota mbili isizidi 100.

Namba hizo ni za usawa wa bahari, na hapa wauzaji na wanunuzi wa Nairobi hupotezana. Jiji liko juu ya mita 1,600, hewa yake ni nyepesi, na kipimo hushuka kwa karibu sehemu moja ya sita kabla injini haijawa na kosa lolote. Injini inayosomeka 600 Nairobi ingesomeka zaidi ya 700 Mombasa au Dar es Salaam, na ile inayosomeka 560 hapa ndiyo iliyofika mpakani. Nimesikia mnunuzi akikataa gari zuri kwa kulinganisha namba ya Nairobi na ile ya kitabu, na nimesikia muuzaji akisingizia mwinuko kwa injini iliyokuwa na upande mmoja wa 350. Mwinuko hushusha namba zote sita kwa pamoja. Hauchagui upande mmoja.

Asiye na kipimo afanye jaribio la joto, ambalo ni la bure. Aliendeshe gari kwa dakika ishirini hivi hadi lipate moto kamili, alizime, angoje dakika kumi, kisha aliwashe. Likisukuma starta muda mrefu kabla ya kushika, kompresheni imeshuka, hata kama asubuhi liliwaka kwa mara moja. Muuzaji anayesisitiza kwamba gari lionwe likiwa baridi ana sababu yake.

Baada ya masharti yote hayo, mtu atauliza linalipa nini. Linalipa katika kona. Uzito umegawanywa nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, injini ni ndogo na imesukumwa nyuma ya ekseli ya mbele, na usukani hujibu kwa usahihi ambao sijaukuta katika gari jingine lolote la bei hii. Kwenye mapindo ya barabara ya zamani ya Limuru gari hugeuka kwa wazo tu, likiwa limetulia. Nguvu zake haziko chini. Kufikia mizunguko 4,000 gari ni la kawaida kabisa, na kwa mwinuko wa Nairobi ni zito kidogo kuliko inavyotarajiwa. Kuanzia 6,000 hubadilika, sauti hupanda bila mtetemo wowote, hadi kile kilio kidogo cha onyo kumwambia dereva abadilishe gea. Kulipandisha hivyo kila siku, baada ya kupata joto, ni sehemu ya matunzo pia, kwani mwendo wa kinyonge wa foleni hujaza masizi kwenye sili za ubavuni na kwenye vali za njia ya hewa, ambazo zikikwama nguvu za juu hupotea.

Ndani sina mengi ya kusema. Viti vya mbele ni vizuri, milango ya nyuma inayofunguka kinyume huwafurahisha watoto, na mtu mzima hukaa nyuma bila kuteseka kama safari si ndefu. Matuta ya mitaani hugusa tumbo la gari.

Spea za mwili na breki hupatikana kwa kutafuta. Kirinyaga Road hutoa zaidi ya mtu anavyotarajia. Sehemu za ndani ya injini huagizwa, kwa kawaida kutoka Japani au Uingereza, ambako RX-8 liliuzwa kwa wingi likiwa na usukani upande wetu. Wamiliki ninaowajua huagiza kwa pamoja ili kugawana gharama ya usafirishaji, na huazimana kipimo cha kompresheni. Urafiki huo una thamani ya fedha, maana mafundi wanaofungua rotari kwa ujuzi ni wachache, na wenyewe hujulikana kwa kutajwa na wamiliki wenzako. Swali la kumpima fundi ni jepesi: muulize anapima nini kabla ya kurudishia kuta za chumba na bamba za ubavuni za zamani. Anayesema kwamba atabadilisha sili tu, bila kuangalia kama kromu ya ukuta imebanduka au bamba zimechimbika, anakuuzia miezi michache.

Kati ya matoleo, ningechagua Type S la gea sita za mkono, na kama ningekuwa Dar es Salaam ningelipa ushuru wa ziada kupata la 2008 au baada yake kwa sababu ya lile tundu la tatu la oili. Lile la otomatiki la gea nne la miaka ya mwanzo silipendekezi, kwani halina nguvu za kutosha kufidia petroli linayokunywa. Kuhusu kung'oa rotari na kufunga injini ya pistoni ya Toyota, kazi inayopendekezwa kila gari likikataa kuwaka, mizani ya gari huondoka pamoja na injini, na mizani hiyo ndiyo niliyoisifu hapo juu. Ni afadhali kutenga fedha za injini iliyofanyiwa ukarabati tangu siku ya kununua, kuzipunguza kutoka katika bei unayompa muuzaji, na kutoinunua ile injini ya mtumba inayofika katika kontena bila karatasi yenye namba zake sita.